Nilikwenda kutembea, nikageuka mwanafunzi

Mama huyu nimemfahamu miaka mingi. Yeye huvusha vitunguu na viazi hapa Gatuna, mimi nauza vitenge na mashuka. Asubuhi hiyo hakuja na mzigo, alikuja na bahasha ya kaki ameikunja mara nne ndani ya khanga. Akaniambia, "Mama, wewe ulifika kule. Mtoto wangu aliingia kwa viza ya kutembea, yuko kwa baba yake mdogo Ohio. Sasa amepata shule. Anaweza kubadili karatasi huko huko bila kurudi?"

Swali hili huulizwa sana mpakani, kuliko watu wanavyodhani. Jibu lake fupi ni ndiyo, Marekani sheria inaruhusu. Jibu refu nalijua kwa sababu nililipita mwenyewe, nikafanikiwa, kisha nikapoteza kila kitu kwa kosa la kitoto kabisa. Nimeamua kulisimulia hapa ili anayesoma asilirudie.

Mimi nilizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, wazazi wangu wakiwa wakimbizi wa tangu mwaka 1959. Tulirudi Rwanda mwaka 1995, nikiwa na Kiswahili kingi na Kinyarwanda cha kuokoteza. Dada yangu mkubwa aliolewa na mtu aliyekuwa ameshahamia Marekani, wakaweka makao katika mji wa Portland, jimbo la Maine, juu kabisa kaskazini mashariki, ambako Wanyarwanda, Warundi na Wakongomani si wachache. Mwaka 2007 akawa mjamzito wa mtoto wa tatu, akaniomba niende nimsaidie. Nikaomba viza ya matembezi, ile wanayoiita B-2, nikapewa.

Tarehe 30 Januari 2008 nilishuka uwanja wa ndege wa Boston. Afisa wa uhamiaji aliniuliza nitakaa muda gani, nikamwambia miezi minne, dada yangu amejifungua. Akagonga muhuri, akaandika tarehe 29 Julai 2008, akabana kadi ndogo nyeupe ndani ya pasipoti yangu. Sikuitilia maanani kadi ile. Nilikuwa nimezoea kuiheshimu viza, maana ndiyo iliyonisumbua kuipata, ina picha yangu na rangi za kupendeza.

Hapo ndipo watu wetu wengi hupotea, kwa hiyo naomba nikae kidogo. Viza ni ruhusa ya kubisha mlango. Kadi ile, iitwayo I-94, ndiyo inayosema umeingia kama nani na utakaa hadi lini. Mtu anaweza kuwa na viza ya miaka miwili na kadi ya miezi sita. Ikiisha miezi sita amezidisha muda, hata kama viza bado inang'aa. Tangu mwaka 2013 wanaoingia kwa ndege hawapewi tena kadi ya karatasi, rekodi imo kwenye kompyuta na mtu huichapa mwenyewe kutoka kwenye intaneti. Ndiyo maana vijana wa siku hizi hawaijui tarehe yao. Hawajawahi kuishika mkononi.

Wazo la shule lilinijia mwezi wa tatu. Dada alikuwa akichukua kozi ya kuuguza wazee katika chuo cha jamii, na siku moja theluji ilipokuwa nyingi nikamsindikiza kumshika mtoto. Nikakaa ukumbini nikiwatazama wanafunzi wakipita. Niliona mama wa miaka hamsini mwenye mvi akibishana na kijana juu ya zoezi la hesabu. Kule kwetu nilikuwa nimeacha shule baada ya sekondari kwa sababu ya ada, nikawa nahesabu faida na hasara za duka kwa kidole. Nikamwuliza dada, "Mtu kama mimi naye anaweza kuingia hapa?" Akasema tukaulize. Tukauliza. Wakasema naweza kusomea uhasibu, nikipita mtihani wa Kiingereza na nikibadili hadhi yangu kutoka mgeni wa matembezi hadi mwanafunzi, yaani F-1.

Shemeji alinipeleka kwa wakili aliyekuwa akiwasaidia wahamiaji bila malipo siku za Alhamisi. Wakili huyo hakuanza na fedha wala shule. Aliniuliza, "Ulipokuwa unahojiwa Kigali, ulikuwa tayari unajua kwamba utasoma?" Nikasema hapana, na ilikuwa kweli. Akaniambia nimshukuru Mungu kwa kweli hiyo, maana anayesema anakwenda kutembea huku moyoni ana nia ya shule huhesabiwa kuwa amedanganya, na doa hilo humfuata maisha yote. Wakati ule maofisa wa viza walikuwa na kipimo cha siku 30 na siku 60: ukibadili nia ndani ya siku 30 baada ya kuingia, walichukulia kwamba ulikuja na uongo, kati ya 30 na 60, ulitakiwa ujieleze. Septemba 2017 kipimo hicho kilibadilishwa kikawa siku 90. Mimi maombi yangu yaliondoka siku ya sabini na kitu, sikuyapanga hivyo, ilitokea tu.

Kwa anayejua tangu nyumbani kwamba anakwenda kutembelea vyuo ili achague, ipo njia ya haki. Amwambie ofisa wa viza waziwazi, na aombe iandikwe kwenye viza yake kwamba ni mwanafunzi mtarajiwa. Watu wanaogopa kusema hivyo, wanadhani watanyimwa. Wengine hunyimwa, siwezi kuficha. Lakini nimeona zaidi walioumizwa na kuficha.

Wapo pia wasioruhusiwa kabisa kubadili. Walioingia kwa mpango wa nchi zisizohitaji viza, mabaharia na wahudumu wa ndege walioingia kwa viza ya kazi hiyo, waliokuwa wakipita tu kwenda nchi nyingine, na waliokwenda kwa mpango wa mabadilishano wa J-1 wenye sharti la kurudi nyumbani miaka miwili kwanza. Wenye ndugu Uingereza nao wasichukue habari hii wakaipeleka London: kule mgeni wa matembezi haruhusiwi kugeuka mwanafunzi akiwa ndani, lazima atoke na kuomba upya.

Basi tukaanza kukusanya. Chuo kilitoa fomu iitwayo I-20, iliyoonyesha jina langu, kozi, tarehe ya kuanza ambayo ilikuwa 25 Agosti 2008, na gharama za mwaka mmoja pamoja na kula na kulala. Niliposoma ile hesabu nilicheka. Ilizidi thamani ya duka langu, bidhaa na mlango wake. Dada na shemeji wakatia sahihi kwamba watanilipia, wakaambatanisha hati za mishahara na taarifa ya benki. Ada ya kumsajili mwanafunzi wa kigeni kwenye mtandao wa serikali uitwao SEVIS ilikuwa dola 100. Ada ya fomu ya kubadili hadhi, I-539, ilikuwa dola 300. Leo msitegemee bei hizo. Ada ya SEVIS ilipanda ikawa dola 350 mwezi Juni 2019, na kuanzia tarehe 1 Aprili 2024 fomu ya I-539 ilipangiwa dola 470 kwa karatasi au 420 kwa intaneti.

Kazi ngumu ilikuwa barua. Wakili alitaka nieleze kwa maneno yangu kwa nini nimebadili nia, na nini kitanirudisha nyumbani nikimaliza. Niliandika usiku mbili. Nikaeleza habari za duka, za kiwanja cha wazazi, za baba aliyekuwa na umri wa miaka 70. Baba naye akatuma barua kwa faksi, ameiandika kwa Kiswahili cha Karagwe, dada akaitafsiri. Aliandika kwamba binti yake asiporudi hakuna atakayejua madeni ya wateja yako kwenye daftari gani. Wakili alicheka, akasema hiyo ndiyo sababu bora kuliko zote.

Tarehe 17 Aprili bahasha ikaondoka kwenda Vermont. Baada ya wiki mbili ikaja stakabadhi yenye namba. Kisha kimya.

Ndugu msomaji, kimya hicho ndicho kinachowashinda watu. Wakati wa kusubiri kuna mambo matatu usiyoruhusiwa. Usisome, usifanye kazi, usitoke nchini.

Usisome, kwa sababu mgeni wa matembezi haruhusiwi kuanza masomo mpaka jibu lifike. Sharti hili lina historia. Wawili kati ya watu walioteka ndege za Septemba 11, 2001, Mohamed Atta na Marwan al-Shehhi, waliingia kama wageni, wakaomba kubadili wawe wanafunzi wa urubani Florida, na wakasoma huku maombi yakisubiri. Machi 2002, miezi sita baada ya wao kufa na kuua maelfu, shule ile ikapokea barua za uhamiaji za kuthibitisha kwamba wamekubaliwa. Aibu ile ilikuwa kubwa. Mwezi uliofuata, Aprili 2002, kanuni ikatoka: hakuna kukaa darasani kabla ya jibu. Idara yenyewe ya uhamiaji, INS, ikavunjwa Machi 2003 na kazi zake zikagawanywa. Kwa hiyo jirani yetu mmoja aliponishauri niingie madarasa ya kiangazi "kimya kimya tu", wakili alinikataza kama anayemkataza mtoto kuchezea moto.

Usifanye kazi. Hapa nitaungama. Kulikuwa na kiwanda cha samaki na wenzetu wawili waliniambia naweza kuingia kwa karatasi za mtu mwingine. Nilikataa. Lakini nilisuka nywele za mama mmoja Mkongomani na bintize, siku nzima, naye akanipa koti la baridi na viatu. Sikupokea fedha. Mpaka leo sijui wakili angesemaje, maana sikumwuliza.

Usitoke nchini. Ukitoka maombi yakiwa yanasubiri, yanahesabiwa kuwa umeyatupa. Mwezi wa sita mama yangu akapelekwa hospitali, shinikizo la damu. Kaka alipiga simu usiku wa manane, akasema huenda asipone. Kadi yangu ilikuwa bado na wiki tano. Nilifungua sanduku nikaanza kupanga nguo, dada akakaa kitandani akinitazama, hakusema nenda wala usiende. Asubuhi tukazungumza na mama mwenyewe, sauti ndogo. Akasema, "Ulilolianza limalize. Mimi nikifa watanizika hata wewe usipokuwepo." Nilibaki. Mama akapona safari hiyo.

Tarehe 29 Julai ikafika na jibu halijaja. Siku hiyo sikula. Nilijiona kama mtu aliyesimama katikati ya mpaka, amegongewa muhuri wa kutoka lakini hajagongewa wa kuingia. Wakili alinieleza kwamba kwa kuwa niliomba kabla kadi haijaisha, na sikufanya kazi, naruhusiwa kusubiri jibu. Lakini wakikataa, natakiwa nifunge mizigo mara moja. Anayechelewa kuomba hadi tarehe yake ipite, kwa kawaida hukataliwa. Na anayezidisha muda kwa siku zaidi ya 180 kisha akatoka, hufungiwa miaka mitatu asirudi. Akizidisha mwaka mzima, miaka kumi. Nimewaona waliofungiwa hiyo kumi. Wako hapa hapa, wengine wanauza karibu nami.

Kulikuwa na mtego mwingine wa miaka ile ambao niliukwepa kwa bahati. Mgeni alitakiwa awe na muda halali hadi siku 30 kabla ya masomo kuanza. Kutoka 29 Julai hadi 25 Agosti ni siku 27, kwa hiyo nilipita. Aliyepungukiwa alilazimika kujaza fomu nyingine na kulipa tena ili kuziba pengo hilo, na kama chuo kikisogeza tarehe, alipe tena. Julai 2021 idara ya uhamiaji ilitangaza kwamba haihitaji tena fomu hiyo ya kuziba pengo. Hilo ni jambo jema kati ya machache.

Barua ilifika 19 Agosti, siku sita kabla ya darasa la kwanza. Ilikuwa karatasi moja, na chini yake kuna kipande cha kukata, kadi mpya ya I-94, na mahali pa tarehe pameandikwa herufi mbili tu: D/S. Maana yake nakaa muda wote nitakaokuwa mwanafunzi halali. (Agosti 2025 serikali ya Marekani ilipendekeza utaratibu huo wa D/S uondolewe na wanafunzi wawekewe tarehe ya mwisho, kwa hiyo anayekwenda sasa aulize.) Dada alipika pilau. Shemeji akaichukua barua akaibusu, akaichafua kwa mafuta.

Mwaka wa masomo sitausimulia sana. Nilisoma, nilifeli somo moja la Kiingereza nikalirudia, nilifanya kazi jikoni mwa chuo saa zisizozidi 20 kwa wiki kama sheria inavyoruhusu. Nilijifunza kufunga hesabu za mwezi kwa njia ambayo naitumia hadi leo kwenye kibanda changu. Nilikuwa na furaha. Nadhani hilo linatosha.

Mei 2009 mama akafariki. Safari hii hakuna aliyenishauri nibaki, wala nisingemsikiliza. Nilikwenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni, nikamkuta mfanyakazi mwenye haraka, ilikuwa wiki ya mitihani. Nikamwambia naenda kuzika. Akanipa pole, akatia sahihi ukurasa wa tatu wa I-20 yangu, sehemu ya safari, akasema, "Uko sawa, safari njema." Hakuuliza niliingia nchini kwa viza gani. Mimi nami sikujua kwamba ni swali.

Nilimzika mama. Nikakaa wiki sita kumtunza baba na kumaliza mambo ya msiba. Mwezi wa saba nikaenda uwanja wa ndege Kanombe na sanduku langu, nikiwa na I-20 yenye sahihi na ile barua ya ndiyo nimeiweka ndani ya plastiki. Kijana wa dirishani aliangalia pasipoti, akaipindua, akaniuliza, "Dada, viza ya mwanafunzi iko wapi?" Nikampa barua. Akaisoma vizuri kabisa, kwa heshima, akanirudishia. "Hii si viza. Viza yako ni ya kutembea."

Msomaji, hilo ndilo jambo nililotaka kulifikia tangu mwanzo. Ukibadili hadhi ukiwa ndani, unapata hadhi, hupati viza. Barua ile ina nguvu wakati umesimama ndani ya nchi yao. Ukitoka, nguvu zinabaki kule kule. Kurudi kama mwanafunzi unahitaji viza ya mwanafunzi, na hiyo hutolewa ukiwa nje tu, kwa mahojiano mapya, kwa mtu ambaye hajawahi kukuona. Nilirudi nyumbani kwa teksi na sanduku lile lile. Baba alikuwa ameketi nje. Hakuniuliza kitu, alisogea tu kwenye benchi nipate nafasi.

Nililipa dola 131, nikapangiwa mahojiano. Ofisa aliniuliza kwa nini nilisema nakwenda kumwona dada kisha nikabaki kusoma. Nikaeleza. Nadhani nilieleza vibaya, nilikuwa bado na msiba mwilini, nilijibu kwa hasira kidogo. Wao kwa sheria humchukulia kila mwombaji kama mtu anayetaka kuhamia moja kwa moja hadi athibitishe vinginevyo, na mimi mama amekufa, sina mume, dada yuko kule, mwaka mmoja nimekaa. Nikapewa karatasi ya kukataliwa yenye namba ile wengi tunayoijua, 214(b). Simlaumu aliyenihoji, swali lake lilikuwa la haki. Ninayemlaumu zaidi ni mimi, kisha yule aliyesema niko sawa. Angeniambia mapema, ningekwenda kuzika vilevile. Lakini ningekwenda nikijua, ningeomba viza wiki ya kwanza na siyo ya saba, ningebeba matokeo ya mitihani na barua ya chuo, na nisingeacha vitu vyangu vyote Portland kana kwamba nimetoka kwenda sokoni. Dada alinitumia vitabu kwa boksi mwaka uliofuata. Vilikuja vimelowa.

Basi nikarudi kwenye biashara, mara hii na barabara ya Kampala: basi la usiku, Kabale, Mbarara, alfajiri uko Owino unachagua mashuka. Na huko ndiko nilikomalizia shule, jambo ambalo watu hawaniulizi kwa sababu Kampala haina sifa. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lilianza Julai 2010, na moja ya mambo yaliyomo ni kwamba raia wa nchi mwanachama akipata nafasi ya chuo katika nchi nyingine mwanachama hupewa pasi ya mwanafunzi bila ada. Mwaka 2011 nilikuwa nimeingia Uganda kama mfanyabiashara mgeni, nikapata nafasi ya jioni katika chuo kimoja, nikapeleka barua ya chuo, vyeti, picha na nakala ya pasipoti kwenye ofisi ya uhamiaji. Nilipanga foleni, nilirudishwa mara moja kwa sababu ya picha, lakini nilipata. Hakuna aliyetaka kujua moyoni mwangu nilikusudia nini siku nilipovuka Gatuna.

Nisiipambe sana habari hii. Wengine hudhani kwa kuwa tangu Januari 2014 Mnyarwanda anavuka kwenda Uganda na Kenya kwa kitambulisho tu, basi na shule ni hivyo hivyo. Sivyo. Muhuri wa mgeni ni wa mgeni. Ukisoma unatakiwa uwe na pasi, na uihuishe kila mwaka. Pasi hiyo nayo ni ya kusoma, ukitaka kufungua duka kuna kibali chake. Na siasa za wakubwa haziangalii muhula: mpaka wa Gatuna ulifungwa mwishoni mwa Februari 2019 na haukufunguliwa hadi 31 Januari 2022, na wanafunzi wetu waliokuwa Uganda walijua walichokula. Warundi nao walifunga mpaka wao na Rwanda Januari 2024. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshapata diploma yangu, iko ukutani nyumbani, karibu na picha ya mama.

Sasa turudi kwa mama wa vitunguu. Tulifungua bahasha yake juu ya mzigo wangu wa mashuka. Ndani kulikuwa na nakala ya I-20 ya kijana, stakabadhi ya chuo, na karatasi ya I-94 iliyochapwa ikafifia. Aliniuliza kuhusu fedha kwanza, kama kila mtu. Nikamwambia tuanze na tarehe. Nikamwuliza kijana aliingia siku gani, na kama alipohojiwa alisema ukweli. Akaapa kwamba alisema ukweli. Nikamwambia pia kwamba mambo ya viza yanabadilika upesi siku hizi, Juni 2025 Warundi waliwekewa zuio la viza za kutembea na za masomo, na Watanzania wakaingizwa kwenye orodha Desemba mwaka huo huo. Kijana wake ni Mnyarwanda, lakini atafute wakili wa huko aulize kabla ya kulipa hata senti. Na kwamba akikubaliwa, ajue hatakuwa na viza, hata kama babu akifa.

"Babu yake ameshakufa," alisema. "Mimi ndiye niliyebaki."

Sikupata la kusema. Tukarudi kwenye karatasi. Tuliisogeza kwenye mwanga, tukasoma mwezi, tukasoma siku, tukahesabu kwa vidole, mimi vyangu na yeye vyake, tukapata siku kumi na tisa. Alikunja khanga akaniachia bahasha nimtunzie, akaenda kutafuta vocha ya simu.